Ukisikia "utafiti umethibitisha", soma uzi huu kabla hujambadilishia mama dawa

#1 Mhesabu wa Tudor

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Jumatano iliyopita mama alinipigia simu kutoka Majengo, akaniambia kichwa kinamgonga tangu alfajiri. Nilichukua tuktuk. Nilimkuta barazani, leso ameifunga kipajini akaikaza. Mashine ya presha ilisoma 178 kwa 104. Nikamuuliza dawa zake ziko wapi, akanitolea kikopo. Nilihesabu tembe: siku nne alikuwa hajameza.

Kwenye kundi la kina mama la WhatsApp ilikuwa imepita picha ya ukurasa wa utafiti, na juu yake mtu ameandika kwa rangi nyekundu: "Imethibitishwa, dawa mpya yaishinda ya zamani." Mama ni mtu wa kuheshimu elimu. Akaiweka ya zamani kando, akawa anangoja apate pesa ya kununua mpya.

Daktari wake alimrudisha kwenye dawa zake siku ile ile na sasa hali yake ni nzuri. Simlaumu mama, wala sina neno na kina mama wa kundi. Kinachonikera ni ukurasa wenyewe. Kazi yangu ni kuchambua data za watafiti, mwaka wa tisa huu, na kosa lililokuwa kwenye ukurasa ule nakutana nalo mara kwa mara, hata kwa watu waliosoma sana. Namba ninazozitumia hapa nimezitunga mwenyewe ziwe nyepesi kukumbuka. Kosa ni lile lile.

Dawa A imeshusha presha kwa 8 kwa wastani, na kosa sanifu la kipimo hicho, yaani kadirio la namba hiyo ingeyumba kiasi gani jaribio likirudiwa, ni 3. Thamani ya p, yaani kipimo cha mara ngapi bahati peke yake ingeleta matokeo kama hayo au makubwa zaidi, ni 0.008. Dawa B imeshusha kwa 5, kosa sanifu 3 vilevile. Thamani ya p ni 0.096, juu ya 0.05 ambayo ndiyo mpaka wa mazoea. Basi mwandishi anaandika: "A imeshusha presha kwa kiwango chenye umuhimu wa kitakwimu, B haikufanya hivyo, kwa hiyo A ni bora kuliko B."

Soma tena. Ni wapi A na B zimelinganishwa? Hakuna mahali. A imelinganishwa na sifuri, B ikalinganishwa na sifuri, kisha mtu akatoa hukumu kama kwamba wawili hao walikutana uwanjani. Mtoto mmoja amepita mtihani kwa alama 51, mwenzake amekosa kwa 48, nani mwenye busara atasema wa kwanza ana akili kumshinda wa pili?

Ukitaka kulinganisha, chukua tofauti yenyewe: 8 toa 5 ni 3. Kosa sanifu la tofauti hupatikana kwa kujumlisha miraba, 9 na 9 ni 18, kipeuo chake cha pili ni kama 4.24. Gawanya 3 kwa 4.24 upate 0.71. Thamani ya p ya tofauti hiyo ni karibu 0.48. Yaani hata dawa mbili zingekuwa sawa kabisa, tofauti ya kiasi hicho au zaidi ungeiona karibu nusu ya mara zote ambazo ungerudia jaribio.

Tena kuna jambo jingine. Mtu akiingizwa kwenye utafiti kwa sababu siku hiyo presha yake ilikuwa juu, akipimwa tena baada ya wiki kadhaa mara nyingi itakuwa imeshuka kidogo hata kama hajameza kitu. Basi katika ile 8 na ile 5, sehemu fulani si ya dawa kabisa. Ndiyo maana kulinganisha na sifuri hakutoshi.

Ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

#2 Nesi wa Zamu

Kaka, umenigusa. Sisi chuoni tulifundishwa hivi: p ikiwa chini ya 0.05 jambo ni kweli, ikiwa juu si kweli. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama zote. Sasa wewe wasema nini? Na hiyo 0.05 ilitoka wapi, nani aliiweka?

#3 Mhesabu wa Tudor

Dada Nesi, wengi wetu tulifundishwa hivyo. Acha nikueleze kwa jambo lililotokea nyumbani.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, shangazi alishikilia kwamba chai iliyopikwa kwa mkaa na iliyopikwa kwa gesi hazifanani, na kwamba yeye ataitambua ya mkaa hata akifungwa macho. Nikaingia jikoni. Sufuria mbili za ukubwa mmoja, majani ya pakiti moja, maziwa yale yale, iliki na sukari nimepima kwa kijiko kimoja. Moja juu ya seredani, moja juu ya gesi. Nikapata vikombe 8 vinavyofanana, vinne nikatia ya mkaa, vinne ya gesi, na chini ya kila kikombe nikabandika kipande cha plasta chenye alama. Mpangilio sikuuchagua mimi, niliokota vikaratasi ndani ya kofia, kwa sababu mkono wa mtu una mazoea yake. Na binti aliyempelekea shangazi vile vikombe hakujua kipi ni kipi, asije akamwonyesha kwa jicho bila kukusudia.

Shangazi alijua vinne ni vya mkaa. Kazi yake ilikuwa kuvitaja ni vipi.

Hesabu yake ni hii. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8. Njia moja tu ndiyo sahihi kabisa. Kama hana ujuzi wowote na anabahatisha, uwezekano wa kupatia vyote ni 1 kwa 70, yaani 0.014. Hiyo ndiyo thamani ya p: *lau hakuna tofauti yoyote*, matokeo kama haya au makubwa zaidi yangekuja kwa bahati mara ngapi? Neno zito hapo ni "lau". Hesabu yote imeanza kwa kukubali kwamba shangazi anabahatisha, kwa hiyo haiwezi kugeuka ikawa uwezekano kwamba anabahatisha. Mjomba wangu siku hiyo alikuwa na mafua mazito, hasikii hata harufu ya karafuu. Lau yeye ndiye angepatia vyote 8, p ingekuwa ile ile 0.014, na bado sote tungesema ni bahati. Namba ni moja, lakini tunalolijua kabla ya jaribio ni tofauti, na p hailijui hilo.

Shangazi alipatia 3 kati ya vile 4. Kupatia 3 au zaidi kwa kubahatisha kuna njia 17 kati ya 70, yaani 0.24. Ndugu zangu wakapiga makofi kwamba ameshindwa. Mimi nikawaambia hapana, hajashindwa. Sisi ndio hatujathibitisha kitu.

Jaribio hili asili yake ni Uingereza. Ronald Fisher alilieleza katika kitabu chake cha 1935, na mwanamke wa kisa chake, Muriel Bristol, mtafiti wa mwani katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, alidai kutambua kama maziwa yametangulia chai kikombeni au yamefuata. Na 0.05 unayoiuliza ilienea kutokana na kitabu chake Fisher huyohuyo cha 1925. Aliichagua kwa sababu ni mpaka wa kutumia kwa urahisi. Hakuna sheria ya maumbile iliyosema kwamba 0.049 ni kweli na 0.051 ni uongo.

Na lugha yetu nayo imetuponza. Tumeita jambo hili "umuhimu wa kitakwimu", na kwa Mswahili kitu muhimu ni kitu ambacho ukikikosa unadhurika. Mama alisoma "umuhimu" akaelewa umuhimu. Mimi ningependa tuseme tu "tofauti ambayo bahati peke yake haielekei kuileta". Ni refu, lakini halidanganyi.

#4 Kijiko na Kikombe

Nimefanya kazi za mnada wa chai hapa Mombasa miaka mingi, mnada ambao ulianzia Nairobi 1956 ukahamia kwetu 1969. Twaonja safu ndefu za vikombe, twavuta kwa kijiko, twatema, twasonga mbele. Nitasema kama mtu wa ulimi: vikombe 8 ni vichache mno kumhukumu mtu. Hata mwonjaji mzoefu akikosa kikombe kimoja kwenye 8 hapo huwezi kumtofautisha na anayebahatisha. Mpe shangazi 40.

#5 Mhesabu wa Tudor

Mzee, umelenga penyewe. Nimekaa nikapiga hesabu sasa hivi. Tuseme vikombe 40, vya mkaa 20 na vya gesi 20, naye apatie 15 kati ya vile 20. Ujuzi ni ule ule, robo tatu. Lakini p sasa inakuwa karibu 0.002, badala ya 0.24.

Ulimi haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni idadi ya vikombe. Kwa hiyo mtu akisoma "p = 0.24" akaandika "hana uwezo wa kutambua", amemdhulumu shangazi kwa uchache wa vikombe. Na kwenye hospitali kikombe ni mgonjwa.

#6 Sina Imani

Samahani nikiingilia. Kama namba zabadilika kwa kuongeza vikombe tu, basi hawa watafiti si wanajipangia wanachotaka? Na mimi nauliza kwa uchungu, si kwa ubishi: kwa nini kila mara majaribio yaletwe kwa watoto wetu wa Pwani? Kilifi kila siku kuna utafiti. Wametupatia nini?

#7 Mhesabu wa Tudor

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na ningehuzunika kama hakuna mtu angeliuliza. Nipe nafasi nijibu kwa urefu, maana hapa ndipo pana uzito.

Chukua malaria kali. Kwinini ilikuwa ndiyo dawa ya kutegemewa kwa vizazi. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Asia ya Kusini-Mashariki, wagonjwa 1,461. Waliopewa kwinini walifariki 22 katika kila 100, waliopewa artesuneti ya sindano 15. Lakini wengi wao walikuwa watu wazima, na malaria kali ya mtoto wa Afrika haiendi kama ya mtu mzima wa Asia. Ingewezekana kusema "haya, tukopeni jibu lao". Badala yake swali liliulizwa upya, katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo. Jaribio liliitwa AQUAMAT. Watoto 5,425. Matokeo yalitoka 2010: kwa kwinini walifariki 297 kati ya 2,713, kwa artesuneti 230 kati ya 2,712. Yaani asilimia 10.9 dhidi ya 8.5. Thamani ya p ilikuwa 0.0022. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Sasa rudi kwenye vikombe. Tuseme hospitali moja tu ingefanya jaribio hilo kwa watoto 500, nusu kwa nusu, na tofauti ikawa ile ile. Wangefariki kama 27 upande mmoja na 21 upande wa pili. Nimepiga hesabu: p ingekuwa karibu 0.36. Mtafiti asiye makini angeandika "hakuna tofauti kati ya dawa hizi mbili", na waziri wa afya angesoma, na kwinini ingebaki. Ile tofauti ya watoto wawili na nusu katika kila mia ingekuwa pale pale, inaua, lakini kwenye karatasi imeandikwa haipo. Mimi nikikutana na sentensi hiyo, "hakuna tofauti", kwenye rasimu ya mtu, na wagonjwa wenyewe ni 30, huwa nasimama. Naomba aandike kinachojulikana: kwamba tofauti inaweza kuwa kubwa upande huu, inaweza kuwa kubwa upande ule, na utafiti wake mdogo haukuweza kutenganisha.

Hiyo ndiyo faida ya wigo wa uhakika, zile namba mbili zinazowekwa kwenye mabano baada ya matokeo. Kwenye mfano wangu wa presha, tofauti ya 3 ina wigo wa kuanzia takriban hasi 5 hadi 11. Ukiona wigo mpana hivyo, hata bila kujua p, unaelewa kwamba dawa mpya yaweza kuwa bora sana, au mbaya kuliko ya zamani, na bado hatujui.

Sasa swali la Kilifi. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki vizuri, vitabu vya tiba vilisema mpe maji ya dripu mengi kwa kasi. Wataalamu wa nchi tajiri walikuwa na yakini. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, liliuliza jambo ambalo wengi waliona halina haja ya kuulizwa. Kenya, Uganda na Tanzania. Muheza, hapo Tanga kwa jirani zetu, palikuwamo. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, maji ya chumvi kwa kasi, au dripu ya polepole tu bila kumiminiwa kwa mkupuo. Kila kundi lilipata huduma nyingine zote.

Baada ya saa 48, waliomiminiwa albumini walifariki asilimia 10.6. Maji ya chumvi, 10.5. Wasiomiminiwa, 7.3.

Kamati huru iliyokuwa ikitazama data ilishauri jaribio lisimamishwe, likasimama Januari 2011 kabla ya kufika watoto 3,600 waliokusudiwa. Thamani ya p ilikuwa 0.003. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji, watatu zaidi walikuwa wamekufa kuliko wenzao.

Na hapa pana jambo ambalo kila nikilisoma hunishtua. Wachambuzi walipotazama saa ya kwanza tu, watoto waliomiminiwa maji walionekana wamepata nafuu zaidi! Dalili za mshtuko ziliondoka kwa asilimia 43 yao, dhidi ya 32 kwa wengine, na p ikiwa chini ya 0.001. Kwa hiyo nesi aliyesimama kitandani aliona kwa macho yake mtoto anapata nafuu, na takwimu za saa ile zingemuunga mkono. Lakini kilichopimwa hakikuwa uhai. Ndugu yangu Sina Imani, lau swali hili lisingeulizwa huku kwetu, kwa watoto wanaofanana na wetu, wenye malaria na upungufu wa damu, mpaka leo tungekuwa tunafuata yakini ya watu wa mbali.

Sisemi kila utafiti uliofika Pwani ulikuwa mwema. Nasema huu ulikuwa na faida kwetu sisi hasa.

#8 Nesi wa Zamu

Niongeze tu, kwa usalama wa wanaosoma: FEAST haikuhusisha watoto wanaoharisha na kutapika mpaka wakakaukiwa maji, wala wenye utapiamlo mkali. Mtu asije akasoma hapa akamkatalia nesi dripu ya mtoto mwenye kipindupindu. Huyo anahitaji maji, na upesi.

#9 Mhesabu wa Tudor

Shukran sana dada. Ilinipasa niliseme hilo mimi mwenyewe.

#10 Baba wa Mariakani

Mtoto wangu wa pili alilazwa na malaria, degedege mara mbili njiani. Nilimwona akidungwa artesuneti usiku, na asubuhi, na tena usiku. Sikujua kwamba kuna watoto waliopigiwa kura ili dawa hiyo ijulikane. Walioangukia kwinini na wao ni watoto wa watu. Mungu awalipe wazazi wao.

#11 Duka la Dawa Bondeni

Mimi ni mfamasia. Nina hoja mbili.

Ya kwanza, wateja wangu wanaonunua ile ya bei ghali hurudi wakiwa na hali bora kuliko wa bei nafuu. Nimeona kwa miaka. Hilo si ushahidi?

Ya pili, kampuni hutuletea karatasi zimeandikwa "p chini ya 0.0001" kwa herufi nene. Niwajibu nini?

#12 Mhesabu wa Tudor

Ya kwanza: anayemudu dawa ghali anamudu pia samaki, mboga, nauli ya kurudi kliniki na usingizi wa kutosha. Hujalinganisha dawa, umelinganisha maisha. Ndiyo sababu ya kupiga kura nani apate nini, kama nilivyookota vikaratasi kwenye kofia. Kura haijui nani tajiri. Na hapana p iwayo yote, hata yenye sifuri kumi, inayoweza kurekebisha kundi lililojichagua lenyewe.

Ya pili, waulize: "Imeshusha kiasi gani?" Waulize hilo tu kisha unyamaze. Tuseme jaribio lina watu 10,000 kila upande, na dawa mpya imeshusha presha kwa 1 zaidi ya ile ya zamani. Kwa idadi hiyo, na presha za watu zikitofautiana kama kawaida, p itakuwa chini ya 0.0001, herufi nene na kila kitu. Na 1 hiyo mashine ya mama haiwezi hata kuiona, kwa sababu ukimpima mara mbili mfululizo akiwa amekaa pale pale barazani namba hutofautiana kuliko hiyo. Vikombe vikiwa vingi sana, hata tofauti isiyo na kazi huonekana.

Uliza pia kwa idadi kamili. Kwa AQUAMAT, ukisema "vifo vimepungua kwa asilimia 22.5" ni kweli. Ukisema "mmoja ameokolewa katika kila watoto 41 waliotibiwa kwa artesuneti badala ya kwinini" ni kweli vilevile, na hii ya pili ndiyo anayoweza kuitumia mtu anayepanga bajeti ya wodi. Kwa kifo cha mtoto, mmoja kwa 41 ni kubwa mno. Kwa kupunguza kikohozi nusu siku, ningefikiria.

#13 Uzamili Usiku

Mimi nasoma shahada ya pili na uzi huu nimeusoma mara mbili. Data yangu ilitoka p = 0.21. Msimamizi amenishauri nigawanye: wanawake peke yao, wanaume peke yao, wa chini ya miaka 40, wa juu, wenye sukari, wasio na sukari, wa kisiwani, wa bara. Nimepata moja yenye 0.03: wanawake wa chini ya miaka 40 wa kisiwani. Niandike?

#14 Mhesabu wa Tudor

Mwanangu, waswahili walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Usiandike kama ugunduzi.

Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya ISIS-2, jaribio lililoratibiwa kutoka Oxford, watu 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Asprini ilipunguza vifo bila shaka yoyote: 804 dhidi ya 1,016 kwa waliopewa dawa bandia. Wahariri walitaka wagonjwa wagawanywe kwa makundi madogo madogo. Watafiti wakakubali, lakini wakaweka na lao: wakawagawanya kwa nyota za kuzaliwa. Ikatokea kwamba asprini haikuwafaa waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani. Hapa mjini tuna watu wanaosoma falaki kwa dhati, lakini sijasikia hata mmoja wao akisema mtu wa Mizani anyimwe asprini. Watafiti walitaka kuonyesha jinsi bahati inavyojipenyeza ukikata data vipande vingi.

Ukifanya vipimo 20 visivyohusiana, na hakuna tofauti yoyote popote, uwezekano wa kupata angalau kimoja chini ya 0.05 ni asilimia 64. Wewe umekata mara ngapi? Andika zote, pamoja na zile ambazo hazikutoa kitu. Useme kwamba kundi lile la wanawake ni dokezo la kuchunguzwa na mtu mwingine kwa data mpya. Na ile 0.21 iweke mbele kabisa, na wigo wake, kwa sababu ndilo swali uliloanza nalo. Majaribio mazuri huandikishwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, hata Afrika tuna rejesta yetu, PACTR, iliyoko Cape Town. Mtu akishatangaza hadharani atapima nini, hawezi kuhamisha goli baadaye.

#15 Uzamili Usiku

Ahsante mwalimu. Kuna jambo jingine naona haya kulisema. Nimefungua sura yangu ya nne sasa hivi, jedwali la 7. Nimeandika dawa ya kwanza p = 0.02, ya pili p = 0.11, "hivyo ya kwanza ni bora." Ni kosa lile lile la mwanzo wa uzi. Ninawasilisha wiki ijayo.

#16 Mhesabu wa Tudor

Usione haya. Wiki moja yatosha. Nitumie jedwali kwa ujumbe wa faragha: wastani wa kila kundi, kosa sanifu, na idadi ya watu. Tutatoa moja kwa nyingine, tutafuta sentensi hiyo moja, na tasnifu itasimama kwa miguu yake.

Kwa mliouliza hali ya mama: asubuhi ya leo 142 kwa 88. Nilipokuwa nakunja ule mkanda wa mashine nilimsomea uzi huu, mpaka kwenye watoto wa Kilifi. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Hiyo dawa mpya ya kwenye picha, imewazuilia wangapi kiharusi?" Nikamwambia ukurasa ule haukuhesabu kiharusi hata kimoja, ulipima presha tu. Akachukua simu, akafungua kundi la kina mama, akabonyeza maikrofoni, akalirudia swali lake vile vile alivyoniuliza mimi.